Nati ya loki haina ufunguo? Usianze na nyundo

Somo la leo ni la mafundi pancha na wenye gereji ndogo, ila hata muuza spea atapata chake.

Mteja kaja na IST, tairi la nyuma halina upepo. Nati tatu zinafunguka vizuri. Ya nne ina umbo la ua, spana haishiki. Hiyo ni nati ya loki, imewekwa ili mwizi asiondoke na rimu. Ina ufunguo wake, kichuma kifupi kinachopachikwa juu ya nati, halafu spana inashika juu yake. Mteja anakuambia gari kalinunua mtumba, hicho kichuma hajawahi kukiona.

Miaka yangu ya mwanzo nilishika patasi hapohapo. Nati ilitoka, lakini patasi iliteleza mara mbili ikachimba rimu ya aloi. Kazi nilikubali kwa elfu kumi. Kulipa ile rimu kulikula faida ya wiki nzima, na yule mteja sijamwona tena.

Kwa hiyo siku hizi natafuta kwanza. Droo ya dashibodi, chini ya siti, mifuko ya milango, halafu buti: inua kapeti, kagua shimo la tairi la spea, fungua mfuko wa jeki. Dakika tano tu. Ukikuta kadi yenye namba ndani ya kitabu cha gari, ipige picha. Watengenezaji wa loki kama McGard hutoa ufunguo mwingine kwa kufuata namba ya loki, kwa hiyo mteja asiye na haraka anaweza kuagiza.

Hakuna ufunguo? Omba kadi ya gari. Najua wengi tunaona aibu kumuuliza mteja, lakini fikiria: anayehitaji kufungua loki bila ufunguo ni mwenye gari au ni mwizi wa rimu. Kesi ikifika polisi, utaulizwa wewe uliyefungua. Jina kwenye kadi sio lake? Apigiwe simu mwenye gari, uongee naye mwenyewe.

Piga picha rimu zote nne kabla hujagusa kitu, mtumie mteja kwa WhatsApp pamoja na bei, na umwandikie kwamba mkwaruzo unaweza kutokea. Ajibu kwanza "sawa".

Sasa kazi. Gari likae chini, usipige jeki bado. Handibreki juu, mawe kwenye matairi, nati nyingine zote ziwe zimekazwa. Wengi hukosea hapa: ukilegeza zile tatu kwanza, mzigo wote unahamia kwenye loki na inazidi kubana. Loki ndiyo inaanza, nyingine zinafuata.

Njia salama zaidi kwa rimu ni boksi spana maalumu za kung'olea nati zilizolika, zile zenye meno ya mzunguko ndani. Unaigonga mpaka ishike, kisha unazungusha, nayo inazidi kuuma nati. Kama huna, chukua boksi spana ya pembe 12 iliyo ndogo kidogo kuliko nati, isiyoingia kwa mkono. Igonge inyooke mpaka izame, halafu tumia mpini mrefu, taratibu, bila kushtua. Vaa miwani, chuma rahisi hupasuka. Nati ikinasa ndani, bana boksi kwenye vaisi uisukume nje kupitia tundu la nyuma. Boksi hiyo itachakaa, kwa hiyo gharama yake iweke kwenye bei, usiibebe wewe.

Kuna loki zenye pete ya nje inayozunguka yenyewe. Hizo ukigonga boksi juu ya pete utazungusha mpaka jioni. Pete lazima itoke kwanza, na kama rimu ni ya gharama, mpeleke mteja kwa mwenye vifaa. Sio aibu.

Kuchomelea nati juu ya loki mimi sifanyi kabisa wakati tairi liko kwenye rimu. Moto ukipasha rimu, mpira wa ndani hutoa gesi na tairi linaweza kulipuka, hata ukiwa umetoa upepo. Watu wamekufa kwa namna hiyo.

Mteja atakuambia, "Fungua hii moja tu yenye pancha." Mweleze kwamba tairi zote nne zina loki, na pancha ijayo huenda ikamkuta usiku barabarani. Mpe bei ya zote nne pamoja na nati mpya za kawaida. Hapo ndipo kuna hela.

Ila ukienda kununua nati hizo, beba sampuli. Toyota na Honda nyingi ni milimita 12 kwa uzi wa 1.5, Nissan za Japani, Subaru na Suzuki nyingi ni 12 kwa 1.25. Ukilazimisha, unaua uzi wa bolti. Angalia na kikalio pia: kuna cha pia, cha mviringo na cha bapa, na lazima kifanane na tundu la rimu. Anza kuifunga kwa vidole, malizia kwa spana, na mwambie mteja apite ukaze tena baada ya kilomita kama 50. Hiyo usimtoze.