Bunduki ya Mkwe au Mpya ya Dukani?

"Ndugu Mshauri, mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Singida, naishi magharibi mwa South Dakota, Marekani, na nimeoa huku. Baba mkwe ni mfugaji wa ng'ombe. Mwaka jana alinipa bunduki yake ya miaka ya 1970, Remington 700 ya .22-250, nimsaidie kupunguza prairie dog wanaomaliza malisho. Nakosa shabaha mara nyingi, hasa upepo ukivuma, ingawa wengi nawapiga kutoka mita 150 hadi 250. Muuza duka anasema kaliba hiyo imepitwa na wakati, nimpelekee anipunguzie dola 350 kwenye bei ya mpya ya .22 Creedmoor. Mke wangu tangu asikie habari hiyo ananijibu kwa mkato. Je, nibadilishe? – Mlenga Pembeni."

Barua ya Mlenga Pembeni imebeba kesi mbili, ya bunduki na ya nyumba, na muuza duka amejibu ile yenye faida kwake. Jibu la safu hii ni kwamba asibadilishe. Huenda siku moja akahitaji mtutu mwingine, lakini sababu alizopewa kaunta hazitoshi, na ile moja ambayo ina uzito kweli hakuna aliyeitaja.

Kwanza wasomaji wa nyumbani waelewe anachokiwinda. Prairie dog si mbwa. Ni jamii ya kindi, ana uzito wa kilo moja hivi, na anaishi ardhini katika makundi makubwa ambayo Wamarekani huyaita miji. Husimama wima mdomoni mwa shimo. Akiona hatari hubweka, na mji mzima ukazama ardhini. Wafugaji humlaumu kwa kula majani ya ng'ombe, ingawa wataalamu wa malisho wanabishana hadi leo kuhusu ukubwa wa hasara yenyewe. Akisimama, kimo chake ni sentimita 30 na ushee, lakini upana wake hauzidi sana 10. Mpigaji anaweza kukosea kidogo juu au chini akasamehewa. Kushoto na kulia hasamehewi, na huko ndiko upepo unakosukumia risasi.

Sasa hiyo .22-250 inayoitwa ya kizamani. Ganda lake lilitokana na .250 Savage ya mwaka 1915. Mafundi wa Marekani walilibana shingo ili lishike kichwa chembamba zaidi, wakalitumia kwa miaka mingi huku wakijitengenezea risasi wenyewe, hadi Remington ilipoipokea rasmi mwaka 1965. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 3.5 tu, kile ambacho kwenye boksi huandikwa 55 kwa kipimo chao cha zamani, na hutoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 1,120 kwa sekunde. Ukiirekebisha ipige sahihi kwenye mita 180, ikifika mita 275 imeshuka sentimita 13 au 14 tu. Viwanda vyote vikubwa vya risasi vya huko bado vinaitengeneza. Kitu hakipitwi na wakati kwa sababu kimekaa sana rafuni.

.22 Creedmoor nayo ni mtoto wa 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, ikapata viwango rasmi vya viwanda mwaka 2024 tu. Ni kaliba nzuri, na inashinda upepo kweli. Ila mtu aelewe inaushinda kwa nini, maana hapo ndipo biashara nzima ilipojificha.

Vichwa vya risasi vya kaliba zote mbili vina kipenyo kilekile. Tofauti kubwa iko kwenye michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu. Michirizi hiyo huizungusha risasi ili isipinduke hewani, na kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyohitaji kuzungushwa haraka zaidi. Remington za .22-250 za zama zile zilichongwa zizungushe risasi mara moja kwa kila inchi 14, yaani sentimita 35 na nusu. Kasi hiyo inatosha vichwa vifupi na vyepesi. Ukiweka kirefu cha gramu 5, hakitulii. Kinaweza kufika kwenye karatasi kimelala ubavu na kuacha tundu refu badala ya la duara. Mitutu ya .22 Creedmoor huzungusha kwa inchi 8 au chini ya hapo, kwa hiyo inarusha vichwa virefu, vizito, vyenye ncha kali, ambavyo upepo hauvisukumi kirahisi.

Twende kwenye hesabu. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni, risasi ya kawaida ya .22-250 husukumwa takribani sentimita 9 ikifika mita 180. Ya Creedmoor yenye kichwa cha gramu 5 husukumwa kama 5. Kwenye mita 275 ni kama 20 kwa 12. Kwenye mita 450 pengo linakuwa kubwa kweli: zaidi ya sentimita 60 kwa ile ya zamani, chini ya 40 kwa mpya. Bwana huyu kaandika mwenyewe kwamba mawindo yake yako mita 150 hadi 250. Katika umbali huo bunduki mpya inamwokolea sentimita chache ambazo angeweza kuziokoa mwenyewe kwa kutazama majani yanavyoinama kabla hajavuta kifyatulio. Tena hata na Creedmoor mkononi, asiyesoma upepo atakosa mnyama mwenye upana wa sentimita 10, kwa gharama kubwa zaidi kwa kila risasi.

Kununua kwa kufuata kelele za kaunta kuna mifano yake huko nyuma. Mwaka 1964 Winchester ilitoa .225 Winchester, ikakusudiwa kuirithi .220 Swift iliyokuwa imesifika tangu 1935 kwa mwendo kasi, na kulaumiwa kwa kula mitutu. Mwaka mmoja baadaye Remington ikaipa .22-250 baraka za kiwanda, na .225 ikafifia kabla ya muongo mwingine kushika kasi. Leo mwenye nayo huhangaika kutafuta maganda. Hivi karibuni, 2018, Federal ilizindua .224 Valkyrie kwa tarumbeta nyingi za kupiga mbali, lakini haikushika soko kama ilivyotangazwa. Hii haimaanishi kwamba Creedmoor itafuata njia hiyo. Jamaa zake wakubwa wameshajipatia nafasi. Ila kaliba yenye umri wa miaka michache huwezi kuikuta kila duka la kijijini saa mbili asubuhi, na .22-250 unaikuta.

Kuna jingine ambalo muuza duka amelipita kimya. Ni joto la mtutu, na Creedmoor hailitatui. Katika mji wa prairie dog mtu anaweza kufyatua risasi mia na zaidi kwa siku, na zote mbili zinachoma baruti nyingi katika tundu jembamba, Creedmoor ikizidi. Moto huo hula mwanzo wa michirizi, pale mbele ya chemba. Wapigaji wengi wa .22-250 huona usahihi ukianza kuporomoka baada ya risasi elfu mbili hivi, wengine mapema zaidi kwa kuwa hawapumzishi mtutu. Anayetaka bunduki ya kufyatua kutwa bila kujutia angeangalia .223 Remington, ambayo hutumia baruti pungufu kwa karibu theluthi moja, mtutu wake hudumu zaidi, na risasi zake ni za bei nafuu kwa sababu ni ndugu wa risasi ya kijeshi inayotengenezwa kwa wingi. Muuza duka hakuitaja hiyo. Huenda faida yake ni ndogo.

Kwa hiyo bwana wa Singida aanze na yale yasiyo na gharama. Bunduki ya miaka hamsini ambayo mzee alikuwa akiifuta nje tu inaweza kuwa na shaba iliyogandamana ndani ya mtutu tabaka juu ya tabaka. Anunue dawa ya kuondoa shaba, asukume kitambaa cheupe kutoka upande wa chemba hadi mdomoni, aone kinatokaje. Kikitoka na rangi ya buluu, hiyo ni shaba inayeyuka. Arudie, aache dawa ikae kidogo, arudie tena, hata kama itamchukua jioni mbili, hadi kitambaa kitoke cheupe. Akimaliza akaze skrubu zinazoshika mtutu kwenye kitako na zile za darubini. Si ajabu kukuta moja inazunguka kwa vidole. Halafu, siku isiyo na upepo, aegemeze bunduki juu ya mfuko wa mchanga na apige risasi tano kwenye karatasi, mita 90, akiacha mtutu upoe kati ya moja na nyingine. Matundu yakikaa ndani ya sentimita 3, bunduki haina kosa. Yakitawanyika 6 au 7, apeleke kwa fundi mwenye kamera ndogo ya kuchungulia mtutuni. Palipoungua huonekana nyufa nyufa kama tope la mbuga wakati wa kiangazi.

Hata hapo, dawa ni kubadilisha mtutu. Model 700 ni miongoni mwa bunduki ambazo mafundi wa huko wanazijua kama mkono wao, na mtutu mpya wa .22-250 wenye michirizi ya inchi 8 utampa karibu kila kitu ambacho Creedmoor ingempa: vichwa virefu, upepo kidogo, maganda yaleyale, bunduki ileile. Hugharimu mamia kadhaa ya dola pamoja na kazi, na linganisha hilo na kutoa silaha kwa 350 halafu kuongeza pesa ya mpya na darubini yake. Duka hununua kwa bei itakayoliachia faida likiuza. Hilo si wizi, ndiyo biashara, lakini asijidanganye kuwa amepata thamani ya kitu chake.

Sababu yenye uzito ambayo hakuna aliyeitaja ni madini ya risasi yenyewe. Vichwa vya risasi vinavyopasukapasuka hubaki vipande vipande vya madini ya risasi ndani ya mizoga, na tai na mwewe wanaokula mizoga hiyo hudhurika. Ndiyo maana California tangu Julai 2019 imekataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote. Mbadala ni vichwa vya shaba. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kirefu kinadai kuzungushwa haraka. Vichwa vya shaba vyepesi sana vipo vinavyokubali mtutu wa kale. Vya kati na vizito haviukubali. Akiamua kuhama kutoka kwenye madini ya risasi, mtutu wa inchi 8 una maana hata kwa mita 150. Pia aangalie wapi anapiga: huko huko South Dakota, katika bonde la Conata, wamerudishwa kicheche wa miguu myeusi, mnyama aliyedhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena Meeteetse, Wyoming, mwaka 1981. Chakula chake ni prairie dog, na katika eneo hilo kuwapiga kumekatazwa.

Jambo moja halisubiri. Model 700 za kabla ya 1982 zilitengenezwa hivi kwamba kufuli ya usalama ikiwa imefungwa, bolti haifunguki. Ili kuitoa risasi chembani, mtu analazimika kuilegeza kufuli kwanza, bunduki ikiwa tayari kulia. Tena yalikuwepo malalamiko ya miaka mingi kwamba baadhi ya vifyatulio vya zamani vya bunduki hizo huachia bila kuguswa. Kampuni ilikana, kesi ikaishia kwenye makubaliano ya kubadilisha vifyatulio, na muda wa kudai umeshapita. Fundi anaweza kuweka kifyatulio kipya kisichofunga bolti, kazi isiyo kubwa. Hadi hapo, mdomo wa mtutu uelekee ardhini kila anapofungua kufuli, na watoto wasiwe karibu.

Kuhusu karatasi: mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu anaruhusiwa kununua, atajaza fomu 4473 na jina lake litapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI. Aliyeko kwa viza ya muda amekatazwa na sheria ya shirikisho hata kumiliki, isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo kikiwa leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Kama Mlenga Pembeni yuko kundi la pili na hana leseni hiyo, kubadilisha bunduki si tatizo lake la kwanza.

Na mkewe? Hanuni kwa ajili ya Creedmoor. Amesikia bunduki ya baba yake ikipangiwa bei na mtu wa kaunta kabla mwenyewe aliyeitoa hajaambiwa. Bwana aende kwa mzee, ana kwa ana, si kwa kupitia binti, amuulize mtutu huo umeshafyatua risasi ngapi kwa kukadiria, mara ya mwisho ulisafishwa lini, na yeye kwenye malisho yale alikuwa anasomaje upepo. Mzee aliyewapiga wanyama hao miaka hamsini katika eneo lilelile hawezi kukosa la kusema. Halafu ndipo aulize kama ana pingamizi mtutu ukibadilishwa. Fundi akiombwa huurudisha ule wa zamani kwa mwenyewe, na mzee atajua pa kuuning'iniza.