Kijana Kati ya Baba na Mama

Nyumba inapoanza kuvunjika, kijana huwa miongoni mwa wa kwanza kujua. Husikia maneno ya usiku, na huona chakula cha baba kikipoa mezani. Hasemi neno. Alama zake shuleni zikishuka, sisi husema amekuwa mtukutu. Kisha twamwongezea mzigo: mama humwambia, “Kamwambie baba yako,” na baba humwuliza mama kasema nini. Huko ni kumfanya mtoto tarishi wa vita visivyo vyake.

Basi na tujifunze haya:

1. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yataka ugomvi upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalum. Tusimfanye kijana wetu kuwa baraza hilo.

2. Katika kuamua mtoto akae na nani, sheria hiyo yatanguliza ustawi wa mtoto. Na akiwa na umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, nayo yaangaliwe. Ikiwa hakimu hupaswa kumsikiliza, je, sisi tuliomzaa?

3. Aambiwe wazi kwamba kosa si lake.

4. Wazazi wa ubatizo, kazi yenu haikuisha siku ile ya maji. Mwiteni, mle naye. Msimdodose, atasema mwenyewe.

Swali la kujadili: Katika mtaa wetu, kijana wa namna hii aende kwa nani leo jioni?