Zebaki Huenda Wapi? Somo la Utafiti kutoka Geita na Shinyanga

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kila somo kwa kipindi chake. Kengele ikilia, daftari la Kemia hufungwa na la Jiografia hufunguliwa. Mpango huu unaifaa ratiba ya shule, lakini mambo ya dunia hayakupangwa kwa vipindi. Yako maswali ambayo mtaalamu wa fani moja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuyajibu peke yake. Makala haya yanachukua swali moja la namna hiyo kutoka ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, na kuonyesha jinsi wataalamu wa fani mbalimbali walivyolishughulikia, kila mmoja akianzia pale mwenzake alipoishia.

1. Swali lenyewe

Kusini mwa Ziwa Viktoria, kuanzia Geita hadi Kahama na Shinyanga, wachimbaji wadogo wametumia zebaki kwa miongo mingi ili kukamata chembe za dhahabu. Zebaki hiyo haichimbwi huko; huletwa kutoka nchi za nje na kuuzwa kwa vipimo vidogo vidogo. Hununuliwa, hutumiwa, kisha haionekani tena. Lakini kanuni ya uhifadhi wa maada inatufundisha kwamba maada haipotei. Basi zebaki hiyo huenda wapi? Na ikifika huko iendako, humdhuru nani?

Swali hili si la darasani tu. Mamia ya maelfu ya Watanzania hupata riziki kutokana na uchimbaji mdogo, na watu wengi zaidi hula samaki wa ziwa hilo. Jibu la haraka lisilo na vipimo laweza kumnyima mvuvi soko bila sababu, au kumwacha mchimbaji avute sumu kila siku bila kujua.

2. Jiolojia: dhahabu ilivyokaa ndani ya mawe

Mawe ya ukanda huu ni ya kale mno. Umri wake unazidi miaka milioni 2,500. Asili yake ni volkano na mashapo yaliyokunjwa na kupashwa joto chini ya ardhi. Maji ya moto yaliyopenya katika nyufa zake yaliacha dhahabu ndani ya mishipa ya kwatzi na katika mawe yenye matabaka ya chuma. Wajerumani waliitambua dhahabu katika eneo hili mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi wa chini ya ardhi ulifanya kazi huko kuanzia 1936 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa kisasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Kando ya migodi hiyo mikubwa wamekuwako wachimbaji wadogo na maduara yao.

Mwanajiolojia hutueleza jambo moja la maana kwa swali letu. Dhahabu hukaa katika mawe kwa namna mbili. Ya kwanza ni chembe huru, ambazo mbale ikisagwa hujitenga na jiwe. Ya pili ni chembe ndogo sana zilizofungwa ndani ya madini ya salfa, kama vile pairaiti. Zebaki hushika chembe huru tu, tena zile zinazogusana nayo. Ndiyo maana mchimbaji mdogo, pamoja na jasho lake lote, mara nyingi hupata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo katika mbale yake. Sehemu iliyobaki hutupwa pamoja na mchanga unaoitwa marudio.

3. Fizikia na Kemia: kutoka karai hadi moto

Mbale husagwa kwa karasha, kisha unga wake hupitishwa kwa maji juu ya ubao ulioinama na kutandikwa magunia au mablanketi. Hapa inayofanya kazi ni densiti. Sentimita ya ujazo ya kwatzi ina gramu 2.65, lakini ya dhahabu ina gramu 19.3. Maji huchukua kilicho chepesi. Kilicho kizito hunasa katika nyuzi za gunia.

Mchanga mzito uliopatikana hutiwa katika karai na kuchanganywa na zebaki, aghalabu kwa mikono mitupu. Zebaki ni metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida, na densiti yake ni 13.6. Huishika dhahabu na kufanya nayo mchanganyiko uitwao amalgamu. Mchanganyiko huo hukamuliwa katika kitambaa, zebaki ya ziada hutoka, na hubaki donge la rangi ya fedha. Katika donge hilo zebaki ni kama nusu ya uzito wote. Hatimaye donge huchomwa. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Sentigredi. Dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1,064. Kwa hiyo zebaki huwa mvuke na kwenda zake, na dhahabu hubaki.

Hivyo Kemia inatupa njia mbili za zebaki: sehemu moja huenda na marudio na maji machafu, na sehemu nyingine hupanda hewani. Tufanye hesabu kidogo. Chukua donge la gramu 10, lenye gramu 5 za zebaki, yaani mikrogramu 5,000,000. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba hewa ivutwayo na watu kwa muda mrefu isizidi mikrogramu 1 ya mvuke wa zebaki katika mita moja ya ujazo. Basi mvuke wa donge hilo moja unatosha kuzifikisha mita za ujazo 5,000,000 za hewa kwenye kikomo hicho. Darasa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na kimo cha mita 3 lina mita za ujazo 240. Hiyo ni sawa na hewa ya madarasa zaidi ya 20,000. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na donge lenyewe mara nyingi huchomewa jikoni, juu ya jiko la mkaa.

4. Elimuviumbe: mashaka juu ya samaki

Ulimwengu ulijifunza kuiogopa zebaki huko Minamata, Japani. Mwaka 1956 iligunduliwa rasmi kwamba watu wa huko waliugua maradhi ya mishipa ya fahamu. Baadaye ilithibitishwa kwamba kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki ya methili baharini, ikaingia katika samaki, na kutoka kwa samaki ikawaingia watu. Bakteria wa matopeni nao wanaweza kuigeuza zebaki ya kawaida kuwa ya methili. Vijidudu vya maji huila, samaki wadogo huwala vijidudu hivyo, na samaki wakubwa huwala wadogo. Kila hatua kiasi chake mwilini huongezeka. Ilikuwa haki basi kuuliza: je, sangara wa Ziwa Viktoria ni salama?

Katika miaka ya 1990 mwanajiolojia J. R. Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake H. Akagi wa taasisi ya utafiti ya Minamata walipima samaki na nywele za watu katika eneo la machimbo na ziwani. Nywele hufaa kwa kazi hii kwa sababu huhifadhi kumbukumbu ya zebaki iliyopita mwilini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalionyesha kwamba kiasi cha zebaki katika samaki wa ziwa kilikuwa kidogo, chini sana ya kikomo cha kimataifa. Utafiti mwingine, uliofanywa baadaye Rwamagasa wilayani Geita, ulipatana na huo kuhusu samaki wa ziwa, lakini ukaongeza onyo: baadhi ya samaki wa vijito na madimbwi yaliyo karibu na mahali pa kuchenjulia dhahabu walikuwa na zebaki nyingi.

Kwa nini ziwa lilisalimika kuliko ilivyohofiwa? Zebaki ya metali ni nzito na haiyeyuki kwa urahisi katika maji. Sehemu kubwa yake hubaki katika marudio na matope ya karibu. Kwa upande wa hewa, watafiti walitumia laikeni, yaani vile vimea vidogo vinavyoota juu ya magome ya miti bila mizizi na kujipatia chakula chake kutoka hewani. Laikeni zilizokuwa karibu na machimbo zilikusanya zebaki zaidi kuliko zile za mbali. Kimea kisicho na gharama kilifanya kazi ya mtambo.

5. Utabibu: ni nani hasa aliyeumia?

Vipimo vya samaki vilitoa nafuu, lakini havikufunga swali. Kulikuwa bado na watu waliokaa karibu na moto.

Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Rwamagasa na kuchapishwa mwaka 2010, walipimwa watu 180 wa eneo la machimbo, pamoja na watu 31 wa Katoro, umbali wa kilomita 30 hivi, ambako zebaki haikutumika. Mwalimu awaeleze wanafunzi umuhimu wa kundi hili la pili. Mkono unaotetemeka waweza kuwa na sababu nyingi: malaria, pombe, uchovu. Pasipo kundi la kulinganisha, hatuwezi kujua ni sehemu gani ya ugonjwa inayotokana na zebaki. Ilidhihirika kwamba wachomaji wa amalgamu ndio walioathirika zaidi. Kiasi cha robo yao walikutwa na dalili za sumu hiyo, kama kutetemeka, kuyumba katika mwendo na kukosa usingizi.

Matokeo haya yanapatana na elimu ya mwili. Mtu akimeza tone la zebaki ya metali, tumbo hulipokea kidogo sana. Akivuta mvuke wake, karibu asilimia 80 hubaki mwilini, hupita katika damu hadi ubongoni na katika figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni.

Jambo jingine halikutarajiwa na mtu. Daktari Masazumi Harada, aliyejulikana kwa kazi yake ya Minamata, alichunguza pamoja na wenzake wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Katika taarifa yao ya mwaka 1999 walieleza kwamba baadhi ya wakazi wasiohusika na machimbo walikuwa na zebaki nyingi katika nywele. Chanzo hakikuwa samaki wala dhahabu. Kilikuwa sabuni zenye zebaki, zinazotumiwa kung'arisha ngozi. Mtafiti anayetafuta jibu moja tu aweza kulipita jibu la kweli lililo mbele yake.

6. Elimu ya jamii: kujua hakutoshi

Sasa njia ya kinga yajulikana. Donge likichomwa ndani ya chombo kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji, mvuke hurudi kuwa kimiminika na zaidi ya asilimia 90 ya zebaki huokolewa na kutumika tena. Chombo hicho chaweza kutengenezwa na fundi wa kawaida. Iweje basi vyombo hivyo vilipogawiwa katika machimbo mengi viliachwa pembeni?

Kemia haina jibu hapa. Anayelijua ni yule aliyekaa na wachimbaji na kuwasikiliza. Kwanza, mapato ya duara hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, na kila mmoja anataka kuiona dhahabu kwa macho yake mpaka igawanywe. Chombo kilichofungwa huleta shaka ya wizi. Pili, uchomaji wa wazi huchukua dakika chache, na mtu aliyeshinda na njaa hapendi kungoja. Tatu, baadhi ya wanunuzi ndio wanaowakopesha wachimbaji fedha na zebaki. Mwenye deni hawezi kuchagua njia yake ya kuchenjua. Nne, marudio yenye zebaki yana thamani, kwa kuwa wenye mitambo ya sayanidi huyanunua na kutoa dhahabu iliyobaki. Biashara hiyo huongeza hatari mpya, maana sayanidi huiyeyusha zebaki pia na kuiwezesha kusafiri na maji kwa urahisi zaidi. Tano, kazi ya kuosha na kuchoma hufanyika karibu na nyumba, palipo na wanawake na watoto ambao hawahesabiwi kuwa wachimbaji.

Kwa hiyo mchimbaji anayekataa chombo si mjinga. Anapima hatari mbili, ile ya kudhulumiwa leo na ile ya kuugua kesho, na ya leo humwelemea zaidi. Mafunzo yasiyogusa mgawanyo wa mapato hayataibadilisha hesabu hiyo.

7. Sheria na uchumi

Jambo hili limevuka mipaka ya nchi moja. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2015 shughuli za binadamu zilipeleka hewani tani 2,220 hivi za zebaki, na asilimia 38 ilitokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Mkataba wa Minamata ulikubaliwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zipunguze matumizi ya zebaki na, inapowezekana, ziyakomeshe. Hasa kuichanganya zebaki na mbale yote, na kuchoma amalgamu mahali pa wazi au penye makazi ya watu. Mwezi Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na mengine yakafuata. Mahali ambapo mizani ni ya wazi na bei inajulikana, mchimbaji hupata nafasi ya kupunguza utegemezi wake kwa mkopeshaji; na hapo ndipo ushauri wa mkemia na daktari unapoweza kusikika.

8. Hitimisho

Tulianza na swali moja fupi. Jiolojia ilieleza kwa nini zebaki hutumika na kwa nini haitoshi. Kemia ilionyesha njia zake mbili. Elimuviumbe ilipunguza hofu juu ya samaki wa ziwa, lakini ikaonya juu ya madimbwi ya karibu. Utabibu ulimtambua aliye hatarini zaidi, na elimu ya jamii ikaeleza kwa nini hatari iliyojulikana haikuondoka. Tungesimama katika hatua yoyote ya hizo, tungekuwa na ukweli, lakini ukweli nusu. Na sera iliyojengwa juu ya ukweli nusu huweza kumwadhibu asiye na kosa.

Zoezi kwa wanafunzi

Angalizo: zebaki isiletwe darasani kwa jaribio lolote.

1. Changanya mchanga na vumbi la chuma, kisha uyatenganishe kwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa gunia. Eleza matokeo kwa kutumia densiti.

2. Mchomaji huchoma madonge 4 ya gramu 10 kila siku. Akitumia chombo kinachookoa asilimia 90 ya zebaki, ataokoa gramu ngapi kwa siku 25 za kazi? (Chukua kwamba nusu ya donge ni zebaki.)

3. Kama kundi la Katoro lisingepimwa, ni hoja gani ingeweza kutolewa kupinga matokeo ya Rwamagasa?

4. Mjadala: "Zebaki ipigwe marufuku mara moja." Upande mmoja useme kwa niaba ya daktari, wa pili kwa niaba ya mchimbaji, na wa tatu kwa niaba ya mvuvi.

5. Chagueni tatizo moja la kijijini au mjini kwenu. Orodhesheni fani zinazohitajika kulichunguza, na mwandike swali moja ambalo kila fani ingeuliza.