BLOGU: MLANGO WA KUWALETA WASOMAJI KWENYE TOVUTI YA MRADI

Somo la robo hii kwa kamati za sharika na marafiki wa miradi



Kamati inapopata fedha kidogo za mawasiliano, mara nyingi wazo la kwanza ni kutengeneza tovuti. Tovuti hupambwa kwa picha ya jengo, historia fupi, majina ya viongozi na namba ya akaunti ya benki. Baada ya hapo kazi husimama. Mwaka unapita, na mwenyekiti aliyekwisha maliza muda wake bado anawakaribisha wageni. Ukurasa unaoiweka Liuli ndani ya Wilaya ya Mbinga, kwa mfano, umepitwa na wakati tangu Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012, na msomaji anayeijua pwani yetu huligundua hilo mara moja.

Hasara yake si ya sura tu. Mfadhili akifungua tovuti mara mbili bila kukuta jipya, hafungui mara ya tatu, wala hatuandikii barua kutujulisha kwamba ameacha. Mtu asiyesikia habari za kisima alichokichangia hudhani kisima kimekufa, hata kama maji yanatoka kila asubuhi. Katika somo hili tutaangalia namna blogu inavyoweza kuondoa ukimya huo.

Blogu ni nini, na inaletaje wasomaji?

Blogu ni sehemu ya tovuti inayowekwa makala fupi fupi zenye tarehe, mpya ikiwa juu. Kurasa nyingine za tovuti hueleza sisi ni nani. Blogu hueleza nini kimetokea wiki hii. Huleta wasomaji kwa njia tatu.

Kwanza, kila makala ni ukurasa mpya ambao Google na mitambo mingine ya kutafuta inaweza kuuona. Ni wachache wanaotafuta jina la mradi wetu, kwa sababu hawalijui. Lakini wapo wanaotafuta habari za kahawa ya Mbinga, usafiri wa Mbamba Bay au kaburi la Arkidikoni William Percival Johnson, aliyefariki Liuli mwaka 1928. Makala yenye jibu la kweli huwafikisha kwetu watu ambao hawakujua kwamba tupo.

Pili, makala ni kitu cha kutumiana. Hakuna anayemtumia nduguye ukurasa wa "Kuhusu Sisi" kwa WhatsApp. Lakini habari kwamba bomba la kijiji chao limefunguliwa huwafikia vijana walioko Songea, Dar es Salaam na ng'ambo siku hiyo hiyo.

Tatu, makala humpa msomaji sababu ya kurudi. Akizoea kwamba kila baada ya wiki mbili kuna jambo jipya, atalifuata.

Jambo hili si geni kwetu

Kabla ya intaneti, pwani hii ya Ziwa Nyasa ilikwisha kuona nguvu ya habari fupi zinazotoka kwa utaratibu. Ndugu zetu Waanglikana wa misheni ya UMCA, waliokuwa na makao yao Likoma, walikuwa na jarida la kila mwezi huko Uingereza lililoitwa Central Africa. Lilianza mwaka 1883 na kuendelea hadi 1964. Marafiki wa misheni waliokuwa wakipata habari za ziwa kwa njia hiyo, mwezi baada ya mwezi, walikuwa miongoni mwa watu walioitegemeza kazi yake kwa michango. Meli ya Chauncy Maples iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande na kuzinduliwa ziwani mwaka 1901. Kitu kikubwa namna hiyo hakichangiwi na watu wasiojua ziwa liko wapi.

Lakini jarida lile lilikuwa na upungufu mmoja: watu walioandikwa humo kwa sehemu kubwa hawakulisoma. Misheni hiyo hiyo ilikuwa na gazeti la namna nyingine, Msimulizi, lililoanza Kiungani, Zanzibar, mwaka 1888 kwa Kiswahili. Humo walimu na wanafunzi Waafrika walipeana habari za vituo vyao wao wenyewe. Aliyeandika na aliyeandikwa walijuana.

Blogu inayaunganisha majarida hayo mawili. Makala ile ile inasomwa na mfadhili aliye mbali na jirani wa mtu anayetajwa. Hilo ndilo fundisho kubwa la somo hili: wasomaji wa kwanza wa blogu ya mradi ni watu wa mradi wenyewe. Wakiipenda, wataisambaza. Wakiona inawadhalilisha au inasema uongo, hakuna ufundi wa kompyuta utakaoiokoa.

Tanzania tulilishuhudia hilo mapema. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa wa kwanza kublogu kwa Kiswahili, kupitia blogu yake ya Jikomboe. Mwezi Septemba 2005, huko Helsinki, mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianzisha blogu yake, iliyokuja kuitwa Globu ya Jamii. Njia yake ilikuwa rahisi: picha, maelezo mafupi, na jambo jipya mara kwa mara. Watanzania walioko nje waliiona nchi yao humo, nao wakaanza kutuma picha na habari zao. Msomaji aligeuka kuwa mchangiaji.

Tuandike nini sisi wa Mbinga na Nyasa?

Kamati nyingi husema hazina habari. Hebu tuangalie mwaka wetu. Milimani kuna mvua na kupanda, kisha msimu wa kuchuma kahawa. Ziwani kuna dagaa na mbasa, na miezi ya upepo wa mwera ambapo mitumbwi hukaa nchi kavu. Kila msimu una maswali yake, na kila jibu ni makala.

Chukueni mfano wa kilimo cha ngolo cha Wamatengo. Mkulima hulaza nyasi kwa mistari inayokatana kama nyavu, hufunika kwa udongo, na katikati hubaki shimo linalozuia maji yasiporomoke na rutuba. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao kutoka Japani walikuja kujifunza katika milima hii. Kama wageni walisafiri kutoka mbali namna hiyo kuiona ngolo, makala yenye picha nne, iliyosimuliwa na mama anayeilima, itapata wasomaji. Chini yake ni mahali pazuri pa kuweka kiungo kinachompeleka msomaji kwenye ukurasa wa mradi wa kilimo.

Hatua za kufuata

1. Wekeni blogu ndani ya tovuti yenu, chini ya anwani ile ile. Ikikaa mahali pengine, wasomaji watakusanyika huko na tovuti itabaki tupu.

2. Chagueni watu wawili, mwandishi na msahihishaji. Kazi ya "wote" haina mwenyewe.

3. Pangeni ratiba mnayoiweza. Makala mbili kwa mwezi kwa mwaka mzima ni bora kuliko kumi mwezi wa kwanza na ukimya miezi kumi na moja.

4. Kichwa kiseme jambo na mahali. "Habari njema" haimwambii mtu kitu. "Kisima kipya cha shule chaanza kutoa maji" kinaeleweka, na kikiongezewa jina la kijiji kinatafutika.

5. Makala iwe ya maneno 300 hadi 500, jambo moja tu. Andikeni Kiswahili kwanza. Kwa wafadhili wa nje ongezeni aya moja ya muhtasari kwa lugha yao.

6. Punguzeni ukubwa wa picha kabla ya kuziweka. Msomaji wetu ananunua bando. Picha nzito inamla fedha kabla hajasoma neno.

7. Kila makala iwe na kiungo kimoja cha kuingia ndani ya tovuti: taarifa ya fedha, ukurasa wa mradi au anwani ya kuuliza swali. Si lazima kila mara tuombe mchango. Anayesikia sauti yetu wakati wa kuomba tu hujifunza kuikwepa.

8. Andikeni pia mambo yasiyokwenda vizuri. Pampu ikiharibika, semeni imeharibika lini, inahitaji nini na nani anaifuatilia. Mfadhili huvumilia pampu mbovu kuliko taarifa iliyofichwa.

Heshima na sheria

Picha ya mtoto mnyonge huvuta macho haraka, na hapo ndipo penye jaribu. Kumbukeni kwamba mtoto huyo atakua, na picha itabaki. Vijijini kwetu watu wanajuana. Kuandika "mjane wa watoto watano anayeishi na VVU" katika mtaa mdogo ni sawa na kumtaja jina. Ombeni ruhusa, na kwa mtoto ombeni kwa mzazi au mlezi. Kisha msomeeni mhusika makala nzima kabla haijatoka. Akisema "hapana", ni hapana.

Sheria nayo inadai hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya na za watoto zinahitaji uangalifu wa pekee. Aidha, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitolewa mwaka 2018 na zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Kabla ya kuanza, ulizeni TCRA kama aina ya habari mnazotaka kutoa inahitaji leseni, na mhifadhi jibu kwa maandishi.

Tutajuaje kama tunafanikiwa?

Msifurahie idadi ya waliofungua peke yake. Kila robo mwaka andikeni mambo matatu: wangapi walitoka kwenye makala wakaingia kurasa za mradi, wangapi walirudi tena, na wangapi waliandika au kupiga simu. Barua moja kutoka kwa mzaliwa wa Lituhi anayeuliza namna ya kusaidia shule aliyosoma ina uzito kuliko mamia waliopita bila kusimama.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni jambo gani lilitokea katika mradi wetu mwezi uliopita ambalo mfadhili hajalisikia?

2. Ni swali gani wageni wanatuuliza mara kwa mara? Nani kati yetu anaweza kulijibu kwa ukurasa mmoja?

3. Mtu tunayetaka kumwandika akisomewa makala mbele ya majirani zake, atafurahi au atainama?

4. Nani ataandika makala ya kwanza, na itatoka tarehe ngapi?

Swali la nne lijibiwe kabla ya kufunga kikao, na jina na tarehe viingie katika muhtasari.