Ni Nani Atakayelishika Jiwe la Kusagia? Somo Juu ya Uwakili wa Mali



Somo letu la mwezi huu lahusu mali iliyopatikana kwa jasho la halali. Kila mwenye mali ana swali moja linalomngojea: Nikizeeka, ni nani atakayeishika kazi hii? Watu hawapendi kuliuliza neno hili wakiwa wangali na nguvu. Nalo likiulizwa matangani, limekwisha kuchelewa; ndugu wamegombana, mashine imesimama, na watu waliokuwa wakipata riziki hapo wametawanyika. Basi na tutazame habari za msagaji mmoja wa Marekani, jina lake Bob Moore, aliyezaliwa mwaka 1929 akafa mwezi wa Februari 2024, tuone jinsi alivyolijibu swali hili angali hai.

1. Kuanza kwake

Moore hakuzaliwa katika nyumba ya wasagaji. Alimwoa mkewe, Charlee, mwaka 1953, wakapata wana watatu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza petroli na kutengeneza magari. Akahamia Mammoth Lakes, mji wa milimani katika California, akafungua kituo cha petroli huko, lakini biashara ile ikaanguka. Akaanza tena kwa kuajiriwa na watu wengine.

Mkewe ndiye aliyeanza kupika mikate ya unga usiokobolewa, kwa kuwa alitaka watoto wake wale chakula chenye nguvu. Tukumbuke neno hili: kazi iliyokuja kujulikana nchi nyingi ilianza jikoni, kwa shauri la mama wa nyumba.

Baadaye Moore alikuwa msimamizi wa karakana ya magari katika mji wa Redding. Siku moja, katika maktaba, akakiona kitabu cha George Woodbury kiitwacho John Goffe's Mill, chenye habari za mtu aliyekifufua kinu cha mababu zake. Moyo wake ukawaka. Akaandika barua huku na huku kutafuta mawe ya kusagia ya zamani, akayapata, na mwaka 1974 yeye na mkewe na wana wao wakafungua kinu chao Redding.

2. Kwa nini mawe?

Punje ya ngano ina sehemu tatu: ganda la nje, ambalo ndilo pumba, kiini kidogo, ambacho ndicho kiotacho, nacho kina mafuta, na sehemu kubwa nyeupe ya wanga. Tangu mwisho wa karne ya 19 viwanda vikubwa vimetumia magurudumu ya chuma yanayozitenga sehemu hizi upesi. Unga mweupe hupatikana kwa wingi, nao hukaa siku nyingi bila kuharibika, kwa sababu kiini chenye mafuta kimeondolewa. Lakini pamoja na pumba na kiini huondoka sehemu kubwa ya vitu vinavyoujenga mwili. Mawe husaga polepole, na punje nzima huingia katika unga. Sisi tunaojua dona na sembe hatuna haja ya maelezo marefu. Jambo ni lile lile.

3. Alikwenda kutafuta elimu, akapata kinu

Miaka michache baadaye, Moore na mkewe wakawaachia wana wao kinu cha Redding, wakahamia Portland, katika jimbo la Oregon. Hawakwenda kutafuta fedha. Walikuwa na hamu ya kuisoma Biblia katika lugha zake za asili, Kiebrania na Kiyunani, wakaingia chuo cha dini wakiwa watu wazima sana. Siku moja walikuwa wakitembea kwa miguu, huku wakikaririshana maneno ya masomo yao, wakakiona kinu cha zamani kisichotumika, nacho kilikuwa kinauzwa. Mwaka 1978 mawe yake yakazunguka tena. Wakalipaka jengo rangi nyekundu, na jina la kazi yao likawa Bob's Red Mill.

Wengine watasema, Ameacha jambo la juu kwa ajili ya unga. Tusiseme hivyo kwa haraka. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 24:6, yamkataza mtu kuchukua mawe ya kusagia kuwa rehani, kwa sababu uhai wa nyumba nzima hutegemea mawe hayo. Kwa hiyo kusaga unga wa watu si kazi duni.

4. Moto

Mwezi wa Juni 1988 mtu mwovu alikitia moto kinu, kikateketea. Moore alikuwa na umri wa miaka 59, naye angeweza kupumzika bila kulaumiwa na mtu. Lakini walipochungulia katika majivu waliona ya kuwa nafaka iliyokuwa juu ilimwagika wakati wa moto, ikayafunika mawe, nayo yakasalimika. Wakajenga upya katika mji wa Milwaukie, karibu na Portland, na kazi ikakua kuliko kwanza.

5. Siku ya kutimiza miaka 81

Kinu kilipokuwa kikubwa, walikuja watu wengi wenye fedha wakitaka kukinunua. Twajua mambo yanavyokwenda mara nyingi: mzee huuza, mnunuzi huhamisha kazi mahali penye faida zaidi, na wafanya kazi wa zamani huambiwa kwaheri. Moore akawakataa wanunuzi. Katika Februari 2010, siku aliyotimiza miaka 81, aliwakusanya wafanya kazi wake, waliokuwa zaidi ya 200, akawaambia ya kwamba kinu kitakuwa chao.

Namna yake ni hii. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inaruhusu hisa za kampuni kuwekwa katika amana kwa ajili ya wafanya kazi. Mfanya kazi hatoi fedha mfukoni mwake. Huandikiwa hisa zake kwa kadiri ya kazi yake, na akistaafu, hisa zile hununuliwa, naye hupata fedha za uzeeni. Neno hili halikutimizwa kwa siku moja. Hisa zilihama kidogo kidogo, hata mwaka 2020 kampuni yote ilikuwa mali ya wafanya kazi. Moore mwenyewe aliendelea kuiongoza hata mwaka 2018, ndipo akawaachia wengine uongozi, akabaki katika baraza.

Wala hakuwasahau watu wasiofanya kazi kwake. Mwaka 2011 yeye na mkewe walitoa dola milioni 25 kwa chuo kikuu cha uganga cha Oregon, na dola milioni 5 kwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, ili watu wachunguze na kufundishwa habari za chakula kinacholinda afya. Charlee alifariki mwaka 2018, naye Bob mwaka 2024, siku chache kabla ya kutimiza miaka 95.

6. Mafundisho yatupasayo kushika

Kwanza, kuanguka katika biashara moja si mwisho wa mtu. Moore alikuwa na miaka 45 alipofungua kinu chake cha kwanza, na miaka 59 alipoanza tena baada ya moto.

Pili, watoto wake hawakunyimwa; walipewa kazi mapema, wakiwa na baba aliye hai wa kuwashauri. Urithi ulio bora hukabidhiwa kwa mikono yenye uzima.

Tatu, aliona ya kuwa mali yake haikutokana na mikono yake peke yake. Mwenye kubeba magunia, mwenye kushona mifuko, mwenye kuandika hesabu, wote walikuwamo. Huyu ndiye wakili mwema: huhesabu jasho la wengine pamoja na lake.

Nne, alitengeneza kwa maandishi na kwa sheria, hakuacha neno la mdomo tu. Wema usioandikwa huzaa kesi.

Si kila mtu ana kinu. Lakini mwenye shamba la kahawa, mwenye duka, fundi mwenye cherehani mbili na wanafunzi watatu, wote wataulizwa swali lile lile.

Maswali ya kuzungumza:
1. Ni nani wamenisaidia kuipata mali niliyo nayo, nami nimewatendea nini?
2. Nikifa leo, je, kazi yangu itaendelea, ama itasimama kwa magomvi?
3. Je, nimeandika? Na kama sijaandika, nangoja nini?