Mbwa Mkali, Mbwa Mtundu, Mbwa Kiziwi wa Makusudi: Vidokezo 9 vya Kuelewana Naye

Getini umeandika MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, lakini siri ya nyumba unaijua mwenyewe: mkali huyo anaogopa radi, anatafuna kandambili za wageni, na ukimwita anaangalia pembeni. Au kinyume chake, ni mkali kweli, mpaka muuza maziwa ameanza kuziacha chupa kwa jirani. Usikate tamaa. Mbwa hakufanyii kiburi wala hakulipizi kisasi. Anarudia jambo linalompa faida na kuliacha lisilompa kitu. Basi kila akikuudhi, jiulize: kwa tabia hii, nani anamlipa? Mara nyingi, tusameheane, mlipaji ni wewe.

1. Mkia ukitikisika, usikimbilie kushangilia

Tumezoea kusema mbwa akitikisa mkia amefurahi. Wapi! Mkia unaotikisika unasema tu kwamba amechangamka, na mtu huchangamka hata kabla ya ngumi. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walionyesha kwamba mbwa akimwona bwana wake, mkia huelemea zaidi upande wake wa kulia. Akiona mbwa mgeni mwenye ubabe, huelemea kushoto. Huhitaji kupima mkia kwa rula. Tazama mwili mzima: analamba pua na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, anageuza uso, weupe wa macho umejitokeza, mwili umekakamaa ghafla. Hizo zote ni njia za kusema "nipe nafasi."

Na akinguruma? Usimchape. Ngurumo ni kengele, na ukiizima kwa fimbo, utabaki na mbwa anayeng'ata bila kupiga kengele. Simama, rudi nyuma taratibu, kisha tazama nini kilikuwa karibu naye. Hapo umeshapata nusu ya jibu.

2. Dagaa mfukoni

Huna haja ya biskuti za mbwa za dukani zenye bei ya kukutoa machozi. Dagaa wakavu wasio na chumvi ni wadogo, wana harufu kali, na mbwa wengi wako tayari kuuza utu wao kwa kichwa kimoja tu cha dagaa. Vipande vya maini au mapupu yaliyochemshwa, vikatwe vidogo sawa na punje ya mahindi, navyo vinafaa sana.

Siri iko kwenye muda. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake ya mmeng'enyo wa chakula, aligundua kwamba mbwa wake walidondosha mate kabla ya chakula kufika, kwa kuwa walishajua ishara zake. Tumia akili hiyohiyo: amekaa, sema "safi!" papo hapo, dagaa wafuate. Ukichelewa mpaka ukamalize kusoma meseji, utakuwa unamlipa kwa kujikuna. Fanya mazoezi kabla hajala, dakika tano zinatosha, uache akiwa bado na hamu.

Ila makombo ya mchuzi hapana. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na chokoleti ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vipande vyenye ncha. Iende kwenye pipa la taka.

3. Neno moja, nyumba nzima

Baba anasema "kaa", dada anasema "keti", kaka mkubwa anatoa amri kwa Kiingereza cha filamu, na bibi anasema "hebu tulia wewe mbwa usiye na adabu." Kisha mnashangaa mbwa hasikii! Kaeni kikao kifupi, mchague maneno manne au matano, myaandike na kuyabandika mlangoni mwa jiko. Neno moja kwa tendo moja, na linasemwa mara moja tu. Ukisema "kaa, kaa, kaa, nimesema kaa!" unamfundisha kwamba amri halisi ni ile ya nne.

4. Kanzu nyeupe na nyayo zenye matope

Ijumaa mchana, mzee jirani amesimama getini, pindo la kanzu ameliinua kidogo kwa vidole viwili. "Hodi! Huyo bwana amefungwa?" Na wewe, "Shikamoo mzee, karibu, kafungwa." Kumbe hajafungwa, na anakuja mbio kwa upendo wote alio nao.

Kwa jirani huyu si suala la uchafu tu. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa anayerukia watu anaweza kuvunja ujirani wa miaka mingi, na mwenye kuulinda ni mwenye mbwa.

Kwa nini anaruka? Kwa sababu kila akiruka, watu wanamgusa, wanapiga kelele, wanamsukuma, na kwake huo wote ni mchezo. Hata "toka hapa!" ni malipo. Basi mbadilishie masharti. Mtu wa nyumbani atoke nje, agonge geti. Mbwa awe kwenye kamba. Akiruka, mgeni wa kuigiza ageuke mgongo, kimya, mikono kifuani. Nyayo nne zikigusa ardhi, dagaa! Na dagaa mdondoshe chini, usimnyooshee juu, maana ukinyoosha juu unamwalika aruke tena. Rudieni mpaka mlio wa geti umfanye akae mwenyewe na kukutazama usoni kwa macho ya mdai. Baada ya hapo ndipo walete wageni wa kweli, mmoja mmoja.

Kabla hajafuzu, usimjaribie mzee wa watu. Mfungie chumba cha nyuma, umwambie mgeni wazi kwamba kafungiwa, na safari hii iwe kweli.

5. Vita ya mbwa na bodaboda

Jiweke kwenye nafasi yake. Pikipiki inakuja na makelele. Anabweka, anaikimbiza, nayo inatoweka kwenye kona. Ameshinda! Kesho inakuja nyingine, naye anashinda tena. Hajui kwamba dereva alikuwa anakwenda zake hata hivyo. Kwa hesabu zake, mtaa mzima una amani kwa sababu yake, na hakuna teke la dereva litakalomshawishi vinginevyo.

Hatua ya kwanza ni geti kufungwa. Kila ushindi mpya unamwongezea ari, na ipo siku atamwangusha mtu. Hatua ya pili ni umbali. Mtoe kwa kamba, msimame mbali na barabara, mahali ambapo akiiona pikipiki masikio yanasimama lakini bado anakubali kula. Pikipiki ikitokea, mpe dagaa kabla hajabweka. Ikipita, dagaa wasimame. Akikataa dagaa, ujue mko karibu mno, rudini nyuma. Usisonge mbele kwa haraka. Songa hatua chache tu pale unapoona ametulia.

Utajua mambo yanakwenda siku atakapoiona pikipiki na, badala ya kuirukia, ageuze shingo kukutazama wewe. Hapo nenda kijiweni, umwombe dereva mmoja unayemfahamu apite mbele yenu polepole, mara kadhaa, kwa kifuta jasho kidogo. Watacheka kijiwe kizima. Wacheke, hao ndio watakaonufaika.

6. Anabweka usiku kucha? Uliza alichofanya mchana

Mbwa aliyeshinda kwenye mnyororo au kwenye banda lisilo na dirisha anafika usiku na nguvu zote za siku nzima. Huyo habweki kwa ulinzi tu. Kachoka kwa kukosa cha kufanya. Na wewe ukifungua dirisha na kufoka "nyamaza!", yeye anasikia mwenzake amejiunga.

Jioni kabla ya giza, mtembeze na umwache anuse. Ndiyo, kila nguzo na kila kichaka. Kunusa kunamchosha akili kuliko kukimbia. Ugali wake umwage vipande vipande kwenye nyasi autafute kwa pua, badala ya kuumaliza kwenye sufuria kwa mikupuo mitatu. Kama geti lina uwazi anaochungulia wapita njia, ziba kwa bati au turubai. Na akibweka kwa sababu ya maana, nenda kaangalie, sema "asante", kisha mwite kwako. Mlinzi mzuri anastahili kujibiwa.

7. Ule uso wa hatia unakudanganya

Umerudi kazini, kiatu kimeliwa kisigino, na mtuhumiwa ameinamisha kichwa na kubana mkia. "Unaona! Anajua alichofanya!" Alexandra Horowitz, mtafiti wa mbwa wa New York, alilijaribu jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Uso ule ulitokea mbwa walipokemewa, wawe wamekosa au hawajakosa. Ni hofu ya sauti yako. Kumchapa kwa kiatu cha saa sita zilizopita kunamfundisha kuogopa kurudi kwako nyumbani, basi.

Viatu viingie kabatini. Kisha mpe chake cha kuhangaika nacho: chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, toa kifuniko na kile kipete cha shingoni, toboa matundu mawili matatu yanayopitisha dagaa, tia dagaa, mwachie. Ataipiga teke, ataizungusha, ataibwekea, atakaa nayo muda wa kutosha wewe kupika chai. Msimamie, na ichukue akianza kumeza plastiki. Fundo kubwa la jinzi kuukuu nalo ni zuri kwa mbwa mdogo anayeota meno.

8. Bakuli lake si uwanja wa kupimana ubabe

Kuna ushauri wa zamani kwamba umnyang'anye mbwa chakula katikati ya mlo ili ajue nani bosi. Ulitokana na nadharia ya mbwamwitu dume anayetawala kundi kwa mabavu, iliyojengwa juu ya mbwamwitu waliofugwa pamoja bila kuwa ndugu. Mtafiti L. David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliieneza sana, aliwafuata mbwamwitu porini huko Kanada na mwaka 1999 akaandika wazi kwamba kundi la kawaida ni familia: baba, mama na watoto. Hakuna mapinduzi ya kijeshi.

Ukimnyang'anya, unamthibitishia kwamba mkono wako ni mkono wa mwizi. Fanya kinyume: pita mbali kidogo na bakuli lake, rusha kipande cha maini, endelea na safari. Atakuja kuona ukikaribia kuna nyongeza. Ameiba soksi? Usimkimbize, mpe kitu kitamu zaidi mbadilishane. Na watoto wasikaribie kabisa mbwa anapokula, anapolala au akiwa na watoto wake. Hili halina mjadala, hata kama "wetu ni mpole."

Kama mbwa wako bado mdogo, una bahati. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, ubongo wake unapokea mambo mapya kwa urahisi kuliko atakavyoweza tena. Asitolewe kwa mama kabla ya wiki ya 8, halafu mwonyeshe dunia: mwavuli, toroli, mtu mwenye kofia, mama aliyevaa buibui, ngurumo ya mashine ya kusaga. Kama chanjo hazijakamilika, mbebe mikononi. Na mwaka mpya wenye fataki ukikaribia, mwandalie kona ya ndani yenye giza na redio inayoimba, mkae naye; kumbembeleza mbwa mwenye hofu hakumharibu.

9. Amebadilika ghafla? Daktari kwanza, mafunzo baadaye

Mpole aliyeanza kung'ata akiguswa, huenda anaumwa. Angalia kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, harufu mbaya sikioni, meno, kuchechemea. Hakuna dagaa atakayetibu sikio lenye usaha. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Na kama anatokwa na mate, anayumba, sauti imebadilika, anauma chochote kilicho mbele yake, usimguse. Jitenge naye, utoe taarifa kwa ofisi ya mifugo. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa cha mbwa kwa binadamu, na dalili zikishaanza, karibu hakuna mgonjwa anayepona. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo, hata jeraha likiwa mkwaruzo. Msiweke pilipili wala mafuta ya taa.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika maeneo mengi mbwa huchanjwa bure wakati huo. Muulize mtendaji wa mtaa wako kituo kitakuwa wapi, umpeleke wako kwa kamba, umpitie na wa jirani.