Mipira ya Kabureta: Ujue Kila Mmoja na Kazi Yake

Pikipiki nyingi za zamani hapa chuoni zimepita mikono mitatu minne, na kila fundi kafunga mipira kivyake. Tuchukue Honda CG125. Haina pampu ya mafuta. Petroli inashuka yenyewe kutoka kwenye tangi. Kwa hiyo mpira unaotoka kwenye koki kwenda kwenye kabureta uteremke bila kujikunja. Ukipanda kisha ukashuka, hewa inanasa katikati. Usiguse silinda, na ncha zote mbili zifungwe klipu.

Mipira mingine haiunganishwi popote. Hapo ndipo wengi hukosea: wakiona mpira unaning'inia, wanauziba. Mmoja ni wa pumzi. Bakuli la kabureta lisipopata hewa, petroli haishuki vizuri, na injini inakuzimikia katikati ya barabara. Mwingine unatoka chini ya bakuli na kumwaga mafuta yaliyozidi. Uelekeze ardhini, mbali na ekzosi. Ukianza kudondosha, usiuzibe: funga koki, kisha kagua boya na sindano yake. Petroli ikidondokea ekzosi ya moto, pikipiki inaweza kushika moto nawe ukiwa juu yake.

Na je, injini ikizima kila baada ya dakika chache? Fungua kifuniko cha tangi, subiri kidogo, piga kiki. Ikiwaka na kuendelea vizuri, huenda tundu la hewa la kifuniko limeziba. Jaribu hilo kabla hujauziwa kabureta mpya. Na kabla ya kung'oa mpira wowote, upige picha kwanza.